Kati ya Dhahabu na Mfuko wa Mwanahisa

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wawekezaji, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa nafasi hii. Maswali yenu niliyasoma kabla ya kuja, na mengi yanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: dhahabu imepanda mno, mwaka 2025 imevuka dola 4,000 kwa wakia, basi kwa nini mtu asinunue hisa za kampuni zinazoichimba? Swali hili linastahili jibu la kina, kwa sababu wanaoliuliza si mabenki wala mifuko ya pensheni yenye wachambuzi wake. Ni watu wanaowekeza akiba zao wenyewe, na wakipoteza hakuna wa kuwafidia.

Niseme msimamo wangu mapema. Hisa za migodi ya dhahabu zinaweza kumpa mwekezaji faida ambayo dhahabu yenyewe haiwezi kumpa. Lakini kati ya dhahabu iliyo ardhini na mfuko wa mwanahisa kuna foleni ndefu. Wamo wafanyakazi, wauza mafuta na mitambo, wakopeshaji, serikali, na wakurugenzi wenye mamlaka ya kutumia fedha za kampuni. Wote hawa huchukua chao kwanza, na mwanahisa hupokea kilichobaki. Tunatumia muda mwingi mno kubashiri bei ya dhahabu, na muda mchache mno kuwapima hao waliotutangulia kwenye foleni. Jioni hii nataka tuwapime.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayovuta watu. Chukua mgodi unaotumia dola 1,500 kuzalisha wakia moja, huku bei sokoni ikiwa dola 2,000. Kinachobaki ni dola 500. Bei ikipanda kwa asilimia 10 tu na kufika 2,200, gharama zikabaki palepale, kinachobaki ni dola 700. Dhahabu imepanda asilimia 10, faida imekua asilimia 40. Huo ndio utamu wa hisa hizi. Sasa igeuze: bei ikishuka asilimia 10 hadi 1,800, zinabaki dola 300, na asilimia 40 ya faida imeyeyuka.

Angalieni pia mgodi wa jirani, ambao gharama yake ni dola 1,900. Kupanda kulekule kunaipandisha faida yake kutoka dola 100 hadi 300, yaani mara tatu. Kushuka kulekule kunauingiza kwenye hasara. Ndiyo maana wakati wa neema migodi dhaifu ndiyo hupaa kuliko yote, na mgeni wa soko akitazama orodha ya hisa zilizopanda sana hudhani ameona kampuni bora. Mara nyingi ameona zile zilizo karibu zaidi na shimo.

Mambo haya yametokea kweli. Septemba 2011 dhahabu ilifika dola 1,900 kwa wakia. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa karibu na dola 1,050, kushuka kwa takriban asilimia 45. Mwenye dhahabu aliumia, lakini alibaki na zaidi ya nusu ya mali yake. Mfuko wa GDX, unaokusanya hisa za wachimbaji wakubwa na kuuzwa katika soko la New York, ulipoteza karibu asilimia 80 kufikia Januari 2016. Aliyekuwa na 100 alibaki na 20, na ili arudi alikotoka alihitaji hisa zake zipande mara tano. Halafu, katika miezi saba tu iliyofuata, mfuko uleule ukapanda zaidi ya mara mbili. Waliouza kwa uchovu mwezi Januari hawakuwepo kufaidi. Mtu asiyeweza kuvumilia mwendo wa namna hii asiingie humu, na kujijua hivyo si aibu hata kidogo.

Sasa gharama. Wakia moja ni gramu 31.1. Migodi mingi ya wazi huchimba miamba yenye gramu moja hivi ya dhahabu katika kila tani. Maana yake, kupata wakia moja ni lazima upasue, ubebe, usage na kuloweka kwa kemikali ya sayanidi zaidi ya tani 30 za mawe yenye dhahabu, ukiacha mawe matupu yaliyoondolewa juu ili kuyafikia. Kazi hiyo yote hula dizeli, umeme, vilipuzi, matairi na mishahara. Kwa hiyo mfumuko wa bei, uleule unaowafanya watu wakimbilie dhahabu, ndio unaoukaba mgodi shingoni.

Wastani wa gharama za jumla kwa wakia ulikuwa karibu dola 1,000 mwaka 2020, na kufikia 2023 ulikuwa umepita 1,300. Matokeo yake mliyaona. Februari 2024 dhahabu ilikuwa juu ya dola 2,000, bei ambayo miaka michache nyuma ingeshangiliwa, lakini hisa ya Newmont, mchimbaji mkubwa kuliko wote duniani, ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 30, na kampuni ikapunguza gawio la robo mwaka kutoka senti 40 hadi 25. Aliyenunua hisa ile akitegemea dhahabu alikuwa sahihi kuhusu dhahabu na bado akapata hasara. Mwaka 2025 dhahabu ilipanda kwa kasi kuliko gharama, pengo likatanuka, na hisa hizohizo zikaruka. Yote mawili ni kweli, na mwekezaji anapaswa kuyabeba yote mawili kichwani.

Msomapo taarifa za kampuni, tafuteni gharama hiyo ya jumla. Baraza la Dhahabu Duniani lilitoa kipimo chake mwezi Juni 2013, kwa sababu kabla ya hapo kampuni zilipenda kutangaza gharama ya uzalishaji peke yake, bila kuhesabu matengenezo ya mgodi, uchorongaji wa kutafuta dhahabu mpya wala ofisi kuu. Hata kipimo hicho hakijumuishi ujenzi wa migodi mipya, riba za mikopo wala kodi ya mapato. Kwa hiyo kampuni ikisema gharama yake ni dola 1,400 na bei ni 2,000, msichukulie kwamba dola 600 zote ni zenu. Nendeni kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, mwone ni kiasi gani kilibaki baada ya kila kitu. Huko ni vigumu kupamba.

Naomba sasa nikae kidogo kwa wakurugenzi, kwa sababu naamini hapa ndipo wanahisa wadogo wamepoteza zaidi kuliko kwenye bei yenyewe.

Mwaka 2011, dhahabu ikiwa kileleni, Barrick Gold ya Kanada ilinunua kampuni ya shaba, Equinox Minerals, kwa takriban dola bilioni 7.3 za Kanada, tena kwa kukopa. Wakati huohuo ilikuwa inajenga mgodi wa Pascua-Lama, juu kabisa ya milima ya Andes, mpakani mwa Chile na Argentina. Makadirio ya ujenzi mwaka 2009 yalikuwa takriban dola bilioni 3. Mwaka 2012 yalifika bilioni 8. Mwaka 2013 mahakama ya Chile ikasimamisha kazi upande wake kwa sababu za mazingira, dhahabu ikaporomoka, na kampuni ikafuta zaidi ya dola bilioni 5 za thamani ya mradi huo kwenye vitabu vyake katika robo mwaka moja. Deni lilikuwa bado pale pale. Novemba 2013 Barrick ikauza hisa mpya za dola bilioni 3 kwa dola 18.35 kila moja. Miaka miwili na nusu kabla, hisa hiyo ilikuwa juu ya dola 50.

Tazameni mfuatano wenyewe: ilinunua mali ikiwa ghali, kwa mkopo, kisha ikauza sehemu ya kampuni ikiwa rahisi, ili kulipa mkopo. Mwanahisa aliyekaa kimya muda wote huo alijikuta anamiliki kipande kidogo zaidi cha kampuni. Na Barrick haikuwa peke yake. Kinross ililipa dola bilioni 7.1 mwaka 2010 kuinunua Red Back Mining, hasa kwa ajili ya mgodi wa Tasiast nchini Mauritania, kisha ikafuta mabilioni ya thamani yake. Sekta nzima ililewa. Ndugu zangu, hakuna hatari kwa mwanahisa wa dhahabu inayozidi mkurugenzi mwenye fedha nyingi wakati bei iko juu. Na bei iko juu.

Basi hesabuni wakia kwa hisa. Kampuni ina wakia milioni 10 za akiba, yaani dhahabu yake ambayo bado haijachimbwa, na hisa milioni 100, yaani sehemu ya kumi ya wakia kwa kila hisa. Inanunua kampuni nyingine na kutangaza kwa shangwe kuwa akiba imefika wakia milioni 20. Ili kulipa imetoa hisa mpya milioni 150. Sasa hisa ni milioni 250, na kila hisa ina wakia 0.08. Kampuni imekuwa kubwa mara mbili, wewe umekuwa maskini kwa asilimia 20. Idadi ya hisa haifichwi, imo katika kila taarifa ya mwaka. Chukueni za miaka mitano, ziwekeni pamoja, muone inakwenda wapi. Dakika kumi zinatosha, na ajabu ni kwamba wachache mno huzitumia.

Yupo pia mkurugenzi mwoga, naye ana hatari yake. Ashanti Goldfields ya Ghana, mwaka 1999, ilikuwa imeuza mapema sehemu kubwa ya dhahabu yake ya miaka ijayo kupitia mikataba iliyofunga bei ili kujikinga na kushuka kwake. Tarehe 26 Septemba mwaka huo benki kuu 15 za Ulaya zilitangaza kuwekea kikomo mauzo ya dhahabu yao. Bei ikapanda ghafla, kutoka chini ya dola 270 hadi juu ya 320 ndani ya siku chache. Kwa mchimbaji wa dhahabu hiyo ingekuwa sikukuu. Kwa Ashanti ilikuwa balaa: mikataba iligeuka kuwa deni la mamia ya mamilioni ya dola, na mabenki yakadai dhamana ambayo kampuni haikuwa nayo. Ilinusurika kwa mabenki kukubali kusubiri, nayo yakapewa haki ya kuchukua sehemu ya hisa. Mwaka 2004 ikaunganishwa na AngloGold. Kwa hiyo ulizeni kila mara: kampuni hii imeuza kiasi gani cha dhahabu ambayo haijaichimba, na kwa bei gani?

Nije kwa kampuni ndogo za utafutaji, zile ambazo bado hazina mgodi. Najua hapa ndipo macho yanapong'aa. Hisa ya senti chache, shimo moja lililochorongwa vizuri, na mtu anatajirika. Hutokea. Lakini kampuni hizi hazina mapato, zinaishi kwa kuuza hisa mpya mwaka hadi mwaka. Toka dhahabu igunduliwe hadi wakia ya kwanza iuzwe, miaka kumi hadi ishirini ni jambo la kawaida, na sehemu kubwa ya ugunduzi haifikii mgodi kamwe. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na katika kona hii ya soko nimeona msemo huo ukitimia kuliko pengine popote.

Bre-X, kampuni ya utafutaji ya Calgary nchini Kanada, ilidai kupata dhahabu nyingi ajabu Busang, katika kisiwa cha Borneo, Indonesia. Hisa iliyoanzia senti ilipita dola 280 za Kanada, kwa hesabu ya kabla ya kila hisa kugawanywa kuwa hisa nyingi ndogo, na kampuni ikathaminiwa zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada. Mifuko mikubwa ya pensheni ilikuwa ndani. Machi 1997 Freeport-McMoRan, waliotaka kuwa wabia, walichoronga mashimo yao pembeni kabisa ya mashimo ya Bre-X. Hawakukuta dhahabu ya maana. Mwezi Mei wakaguzi huru, Strathcona, wakathibitisha kuwa sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Kila kitu kikawa sifuri.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba dalili ilikuwa wazi. Desturi ya wanajiolojia ni kuipasua sampuli ya mwamba katikati, nusu ipelekwe maabara na nusu ihifadhiwe ili mwingine aje apime. Bre-X ilikuwa inasaga karibu sampuli nzima. Waliojua desturi walikuwepo, lakini bei ilikuwa inapanda na hakuna aliyetaka kuwa mbaya wa sherehe. Kutokana na kashfa ile Kanada iliweka kanuni za NI 43-101 mwaka 2001, zinazotaka ripoti isainiwe na mtaalamu anayewajibika kwa jina lake. Australia tayari ilikuwa na kanuni za JORC. Kama kampuni inakutangazia dhahabu bila ripoti ya namna hiyo, funga ukurasa.

Na ukiwa na ripoti, isome kwa jicho kali. Rasilimali inayokisiwa ni dhahabu iliyokadiriwa kwa mashimo machache, huenda ipo, huenda haipo. Akiba iliyothibitishwa ni ile iliyochorongwa kwa ukaribu na kupita kwenye upembuzi kuonyesha kuwa inaweza kuchimbwa kwa faida. Na hata akiba imepigiwa hesabu kwa bei fulani ya dhahabu. Kampuni ikipandisha bei hiyo, wakia huongezeka kwenye karatasi bila nyundo kugusa jiwe.

Serikali nitaizungumzia kwa haki, maana wawekezaji wengi huisema kwa hasira tu. Madini ni ya nchi, na bei ikipanda nchi itataka zaidi. Ni jambo la kutarajiwa, si ajali. African Barrick Gold, baadaye Acacia, iliyokuwa inachimba Tanzania, iliuza hisa zake London mwaka 2010 kwa peni 575. Machi 2017 Tanzania ikazuia kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi, na Julai ikafuata hati ya madai ya kodi ya dola bilioni 190. Mwaka 2019 Barrick iliwanunua wanahisa wadogo waliobaki kwa chini ya nusu ya bei ya mwanzo, na kampuni mpya ya Twiga ikaundwa huku serikali ikiwa na asilimia 16. Kyrgyzstan iliuchukua mgodi wa Kumtor kutoka Centerra mwaka 2021. Kama fedha yako iko kwenye kampuni yenye mgodi mmoja katika nchi moja, wewe ni mbia wa siasa za nchi hiyo, upende usipende.

Mgodi mmoja una hatari nyingine, ya maumbile. Tarehe 13 Februari 2024, huko Çöpler nchini Uturuki, rundo kubwa la mawe yaliyolowekwa sayanidi liliporomoka na kuua wafanyakazi tisa. Hisa ya SSR Mining, kampuni mwenye mgodi, ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake siku hiyohiyo. Juni ya mwaka uleule rundo kama hilo liliporomoka katika mgodi wa Eagle huko Yukon, Kanada, na kufikia Agosti kampuni mwenye mgodi, Victoria Gold, ilikuwa mikononi mwa msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Yukon inahesabiwa miongoni mwa mahali salama kabisa kwa mwekezaji.

Je, mtu binafsi afanyeje? Kwa wengi wenu, mfuko wa hisa nyingi za wachimbaji unatosha. Hauwezi kufa kwa shimo moja, ingawa utapanda na kushuka vilevile. Njia nyingine ni kampuni za mrabaha kama Franco-Nevada, Royal Gold na Wheaton. Hizi hutoa fedha za kujenga mgodi, nazo hupata asilimia ya mauzo au haki ya kununua sehemu ya dhahabu kwa bei ndogo, bila kubeba gharama za dizeli na mishahara. Mimi huzipenda kuliko wachimbaji wenyewe, japo si kinga kamili, na bei zake sokoni huwa ghali. Mgodi wa Cobre Panamá ulipofungwa mwishoni mwa 2023, baada ya mahakama kuu ya Panama kuubatilisha mkataba, Franco-Nevada ilipoteza chanzo chake kikubwa kuliko vyote.

Ukitaka kuchagua kampuni moja moja, chagua zenye gharama ya chini, deni dogo na migodi zaidi ya mmoja, na angalia kama wakurugenzi wamenunua hisa kwa fedha zao au wamepewa tu. Kiasi utakachoweka kiwe kile ambacho kikishuka kwa asilimia 80 hakitagusa ada ya mtoto wala kodi ya nyumba. Usikope kununua hisa hizi. Tayari zinayumba kama mali iliyonunuliwa kwa mkopo, kwa ile hesabu tuliyoanza nayo.

Kuna swali moja la maandishi niliahidi kulijibu hapa: hisa zikishuka nusu, niuze au niongeze? Jibu langu ni kwamba rudi kwenye sababu iliyokufanya ununue, ambayo natumaini uliiandika siku ile. Kama bei ya dhahabu imeshuka lakini gharama, deni na idadi ya hisa viko palepale, hakuna kilichoharibika kwenye kampuni, na kuongeza kidogo kunaweza kuwa na busara. Kama deni limepanda au hisa mpya zinamwagwa, uza hata kwa hasara, na usiisubiri bei uliyonunulia. Kampuni haijui ulinunua kwa bei gani.

Asanteni. Karibuni kwa maswali.